Visigino vya Mke wa Fundi Viatu

Nitangulie kusema kabla hamjaambiwa na majirani: mimi ni mtu mwenye wivu. Sikuupata ukubwani. Mama yangu alikuwa akisimulia mbele ya wageni, bila huruma, jinsi nilivyomng'ata sikio dada yangu mdogo siku aliyobebwa mgongoni na mimi naona zamu ni yangu. Nilikuwa na miaka mitatu. Sasa nina hamsini na moja na meno yamepungua, lakini tabia ni kama ngozi, huwezi kuivua ukaitundika.

Kazi yangu ni viatu. Vya zamani navirudishia uhai, na anayetaka vipya nampima na kumshonea. Duka langu, lililo mbele ya nyumba yetu, lina dirisha kubwa la kioo linalotazama barabara, cherehani nzito ya kushonea ngozi, na ukuta mmoja uliojaa misumari. Kwenye kila msumari nimetundika karatasi zenye michoro ya nyayo. Mteja akija, namvua soksi, namkanyagisha karatasi, napitisha penseli kuzunguka mguu wake, kisha naandika jina na namba. Nesi wa zahanati yupo pale ukutani. Muuza vitambaa yupo mara mbili, kabla ya kuvimba miguu na baada. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba mimi ni mwanaume pekee anayevua wake za watu soksi mchana kweupe na waume zao wakamshukuru.

Ng'ambo ya barabara yupo fundi mwingine. Tulijifunza kazi kwa bwana mmoja, mwaka mmoja, tukigombea msharasi mmoja wa kutobolea ngozi. Watu wanamwita Sindano kwa sababu ni mwembamba, na maneno yake ni machache lakini yanachoma. Kwa miaka ishirini na sita hatujasalimiana zaidi ya kuinuliana kidevu. Mteja wangu akionekana kwake, mimi chakula hakishuki.

Mwaka ule kipupwe kilikuja na upepo mkavu usio na adabu. Mbao za milango zilipasuka, midomo ikachanika, watu wakatembea na mikono ya kijivu kama waliotoka kuchekecha unga. Kwangu mimi yalikuwa mavuno, maana ngozi za viatu zikipasuka fundi anakula. Na kila mteja nilimpa nasaha ile ile, bure kabisa. Kiatu kikilowa usikiweke karibu na hita. Kipanguse kwa kitambaa taratibu, usikisugue. Kipake mafuta kikiwa bado na unyevu kidogo, ili unyevu ufungiwe ndani. Kisha kivalishe mfuko wa pamba kilale. Walinisikiliza kama mhubiri.

Mke wangu alikuwa na magaga. Kila msimu wa baridi visigino vyake vilipasuka mistari mirefu, mingine ikitoa damu, na shuka zetu zote zilikuwa na nyuzi zilizovutwa upande wa miguuni. Mimi nililifanya jambo hilo la utani. Adhuhuri moja duka limejaa watu, yeye ameingia na hotpoti ya chakula changu, na mimi natafuta msasa wa kulainishia soli siuoni. Nikasema kwa sauti, "Msiwe na wasiwasi, mama watoto kafika. Akiniazima kisigino kimoja tu, soli tatu zinalainika sasa hivi!"

Duka zima lilicheka. Muuza vitambaa alicheka mpaka akashika meza. Mke wangu naye alitabasamu, akaweka hotpoti juu ya kiti, akasema, "Kula kabla hakijapoa," akaondoka. Nikajipongeza kwamba nimeoa mwanamke anayejua utani.

Wiki iliyofuata akaanza kutunza miguu.

Kila jioni baada ya kula alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga. Aliloweka miguu dakika kumi, huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, hakuzidisha hata moja. Alisugua kidogo kwa jiwe la miguu, bila pupa. Wembe aliokuwa akikwangulia magaga aliutupa. Taulo alikuwa analigusisha tu, haburuzi. Halafu, kabla ngozi haijakauka kabisa, alichota mafuta mazito ya mgando kwenye kopo jipya, akayapaka kisigino kizima, akavaa soksi nyeupe za pamba. Na yeye aliyekuwa akikaa na nyayo mbele ya hita mpaka zinanuka moto, sasa akawa anakaa pembeni na blanketi.

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikauliza, "Mama watoto, siku hizi kuna nini?"

"Ngozi imekauka."

"Mbona imekauka miaka yote?"

"Basi imechoka."

Jibu hilo nililitafuna siku mbili na halikulainika. Ikaja Jumapili, dada yangu akaja kutusalimia, yule yule wa sikio. Akaona soksi nyeupe zimeanikwa mstari mzima. Alingoja wifi yake aende jikoni, akanisogelea.

"Kaka, mwanamke hasugui miguu ili aende nayo sokoni."

"Unamaanisha nini?"

"Mimi wifi yangu nampenda. Lakini lisemwalo lipo."

"Nani kasema?"

"Si mimi? Si ndiyo nasema sasa hivi!"

Akanywa chai yake, akaondoka, akaniachia moto ndani ya nyumba. Tangu hapo nikawa nahesabu. Kopo la mafuta limeshuka vidole viwili. Soksi ni jozi sita. Kisigino cha kulia, nilichokichungulia akiwa amelala, kilikuwa kimefunga mistari yote na kung'aa kama cha bibi harusi. Badala ya kufurahi nikaumia. Mtu asiyetarajia mgeni hapaki nyumba rangi, ndivyo nilivyojiambia, na huyo mgeni sikuwa mimi. Nilimpenda mke wangu, nilikuwa naogopa kumpoteza, na sikujua njia nyingine ya kuogopa isipokuwa kukasirika.

Alhamisi alasiri akatoka. "Natoka kidogo," akasema. Alirudi baada ya saa moja, anaimba. Mke wangu haimbi! Alipoingia kuoga nikanyakua viatu vyake vya kahawia pale mlangoni.

Sisi mafundi tunasoma soli kama wengine wanavyosoma barua. Mwenye haraka anakula ncha. Mwenye kinyongo na dunia anakula kisigino upande wa nje. Nikavigeuza vile viatu juani, na kwenye tope lililokauka kati ya soli na kisigino nikakuta kipande cha ngozi chembamba kama ukucha. Chekundu. Mimi dukani kwangu nina nyeusi, kahawia na rangi ya mchanga. Nyekundu sina.

Nikajiuliza, nani mtaani anashughulika na ngozi? Jibu likaja haraka kama jipu: fundi makochi wa mtaa wa chini. Mgane. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita, na dukani mwake kuna makochi kumi na mawili. Mgane mwenye makochi kumi na mawili! Mtu anahitaji ushahidi gani zaidi?

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Nilimkuta amepiga magoti, mdomo umejaa misumari midogo, anapigilia kitambaa. Nikamsimamia kichwani na kumwambia anionyeshe ngozi zake nyekundu.

Alitema misumari mkononi, mmoja mmoja. "Ngozi? Ndugu yangu, hapa ni kitambaa na plastiki. Ngozi nani atanunua?"

Nikamtolea kile kipande. Akavaa miwani, akakinyoosha kwa kucha. "Lakini wewe si fundi viatu? Hii ni ya mbuzi. Ni nyembamba, nikiitandika kwenye kochi itachanika mtu akikohoa. Hii ni ngozi ya viatu. Mwenzako Sindano kaletewa juzi, mimi mwenyewe nilimsaidia kushusha mzigo." Akanitazama vizuri. "Hujambo lakini? Macho mekundu."

Nilitoka pale bila kuaga. Miaka thelathini kwenye ngozi, na nimeshindwa kutambua ngozi ya kiatu! Mtoto wa jana angeitambua gizani. Lakini mimi sikuishika kwa vidole vya fundi, niliishika kwa vidole vya mume mwenye wivu, na vidole hivyo havioni kitu.

Sindano. Ng'ambo ya barabara, mbele ya dirisha langu, na mimi natazama mtaa wa chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini kama mke wangu alikuwa akiingia kwa Sindano, mbona sikuwahi kumwona akivuka? Jibu lake lilikuwa hili: duka la Sindano lina mlango wa nyuma.

Alhamisi ilipofika nilifunga duka saa tisa, nikazunguka nyuma ya majengo kwenye uchochoro wa mapipa ya takataka. Upepo ulikuwa unakata masikio. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haujafungwa. Nikachungulia.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti. Mguu wake wa kulia ulikuwa wazi, umekanyaga karatasi nyeupe, na Sindano amepiga magoti mbele yake. Kiganja cha kushoto kimeshika kisigino. Mkono wa kulia una penseli, anaizungusha polepole, akipita kwenye vidole kimoja kimoja.

Nitasema kweli. Ningemkuta kwenye kochi la yule mgane, ningeumia kama mume. Hapa niliumia kama mume na kama fundi, na sijui hadi leo kipi kiliuma zaidi.

"Toa mkono hapo!"

Sindano hakushtuka wala hakuinuka. "Funga mlango, fundi. Baridi inaingia na mguu uko wazi."

"Baba watoto," akasema mke wangu, "umefikaje huku?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Mke wa fundi viatu anapimwa na fundi viatu mwingine, tena kwa mlango wa nyuma! Kwangu kuna kilichopungua? Ngozi? Gundi? Mikono? Mtaa utasema nini?"

Akaniacha nimalize. Halafu akauliza taratibu, "Mara ya mwisho kunipima ilikuwa lini?"

Nikaupekua ukuta wangu kichwani, msumari kwa msumari. Mwalimu mkuu, nesi, muuza vitambaa mara mbili. Nikazunguka ukuta mzima nikarudi nilipoanzia.

Sindano akasema akiwa bado chini, "Alhamisi iliyopita alipokuja kuchagua ngozi nilimuuliza anavaa namba ngapi, akasema hajui. Wewe unajua?"

"Thelathini na tisa!" nikajibu, juu juu, kama mwanafunzi aliyesoma.

Akachukua rula, akailaza kwenye karatasi, akaisogeza ili nione. "Thelathini na saba."

"Thelathini na tisa ni ya mwalimu aliyehama," mke wangu akasema. "Ndiyo hivi vya kahawia. Kabla yake nilivaa arobaini za yule mama aliyeacha viatu akaenda kwa mwanawe asirudi. Kabla ya hapo zile sandali alizozikataa muuza vitambaa. Tangu unioe, baba watoto, miaka kumi na tisa, kila kiatu nilichovaa kimesahauliwa na mwanamke mwingine dukani kwako. Vyote vinapwaya. Kisigino kinasuguliwa kutwa, kinapigwa upepo, kinapasuka, halafu unaniomba nikuazime msasa."

"Ungeniambia."

"Wakati gani? Wateja wako walikuwa bado wanacheka."

Sindano aliinamisha uso kwenye karatasi. Mtu yule ambaye maneno yake yanachoma, siku hiyo alikuwa na nafasi ya kunichoma mpaka mfupa, na hakusema kitu. Hilo nalo nilimchukia.

"Nilikwenda kwa nesi," mke wangu akaendelea, "damu ilikuwa imegandisha soksi. Unajua aliniambia nini? Usikiweke karibu na hita. Kipanguse, usisugue. Kipake mafuta kikiwa bado na unyevu. Kivalishe pamba kilale. Nikadhani ananitania. Nikamwambia, nesi, hayo ni maneno ya mume wangu, kila siku anawaambia wenye viatu."

Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda.

"Nikatibu kwanza miguu," akasema, "kwa sababu nilikuwa naona haya kuivua mbele ya mtu. Sasa siioni haya. Fundi, endelea, bado wa kushoto."

Fundi aliyeambiwa si mimi. Nikasimama pale mlangoni, mwanaume mzima, nikamtazama Sindano akigeuza karatasi na kumchora mke wangu mguu wa pili.

Viatu vilikamilika baada ya wiki mbili. Vyekundu, vimefungwa nyuma, kisigino kifupi imara. Siku ya kwanza mke wangu hayupo nilivichukua nikaviweka mezani chini ya taa. Nilivuta mishono. Nilinusa gundi. Nilivipinda, nikavigonga, nikavitazama ndani kwa tochi. Nilitafuta kosa nusu saa nzima, na kama lingekuwepo la ukubwa wa chawa ningelitangaza mtaani. Halikuwepo. Nikavirudisha mahali pake.

Wateja nao hawakunisaidia. "Fundi, mama watoto kapendeza! Umemshonea wewe?" Nilikuwa nakohoa mpaka wanasahau swali. Na kibaya zaidi, kutoka kwenye dirisha langu niliweza kuona ukuta wa Sindano, na kwenye msumari wa juu kuna karatasi nyeupe mpya. Mguu wa mke wangu unalala kwa Sindano, nikawa najiambia, kila siku, nikiwa na kiatu cha mtu mkononi.

Nikaona dawa ni moja. Jioni nilirudi nyumbani na karatasi na penseli, nikapiga magoti mbele yake. "Nikupime."

Akaninyooshea mguu ulio ndani ya soksi nyeupe. Nikakishika kisigino kwa kiganja, kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo, na soksi ikanasa. Uzi ukavutika mrefu. Nilipovua soksi na kushika ngozi yenyewe, yeye akaruka. "Unanikwaruza!"

Nikageuza viganja vyangu. Kwa mara ya kwanza baridi ile nikavitazama. Gundi, tapentaini na upepo vilikuwa vimefanya kazi yao. Vidole gumba vimepasuka pembeni, viungo ni vyeupe kama chaki, kiganja kizima msasa. Kinyozi hajinyoi, na fundi huyu alikuwa akipaka mafuta viatu vya mtaa mzima.

Hakunicheka. Ningekuwa mimi ningecheka, tena ningeita watu. Alilisukuma beseni kwa mguu mpaka likanifikia magotini. "Tia mikono. Dakika kumi, usizidishe."

Basi nikawa mtu wa kuloweka mikono. Nikapanguswa kwa taulo, nikapakwa mafuta, nikavalishwa soksi za pamba mikononi nikapelekwa kulala kama mtoto mchanga anayezuiwa asijikune. Dukani nikaanza kuvaa glavu nikishika tapentaini. Jumapili dada yangu akaja, akaona kopo la pili mezani, akaniona mimi na mikono yangu inang'aa.

"Kaka!" akasema, "na wewe unamwendea nani?"

Mke wangu alicheka jikoni mpaka sufuria ikamponyoka.

Ilichukua karibu msimu wote. Upepo ulikuwa umeanza kulegea siku niliyoona kidole gumba kimefunga. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mpaka katikati ya chumba, yeye amekaa akitengeneza kitufe cha shati langu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo niliinama, goti likalia. Nikashika kisigino. Kiganja kilipita juu yake chote, mpaka kwenye kifundo na kurudi, bila kunasa popote. Wala hakuruka. Aliendelea kushona.

Nikaweka karatasi, nikachora mguu wa kushoto polepole kuliko mguu wowote niliowahi kuchora. Nikapima. Thelathini na saba. Nikaandika pembeni.

"Haya," nikasema, "lete wa kulia."

Alikata uzi kwa meno, akautia mguu wa kulia ndani ya kiatu chake chekundu.

"Wa kulia anao Sindano. Karatasi iko ukutani kwake, msumari wa juu, si huwa unaitazama? Kamwombe."

"Mimi? Nikamwombe Sindano?"

"Kwa adabu. Na ingia kwa mlango wa mbele."

Nilikaa pale sakafuni nikisubiri aseme anatania. Alichukua shati, akaanza kitufe cha pili. Nikainuka, nikapaka mikono mafuta, nikavaa koti, nikavuka barabara. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ajili ya upepo, ikanibidi nibishe hodi.